Vifuko Kumi na Saba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, vifuko kumi na saba kati ya ishirini vilikuwa vimepasuka.

Weris aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, akapangusa kioo chake kwa ncha ya mtandio, akahesabu upya. Hesabu haikubadilika. Vifuko vitatu vilikuwa vimebaki, navyo vilikuwa vimevimba na kukaza. Mahali pa vile vingine palikuwa na maji matupu.

Kwa muda wa wiki tatu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kila asubuhi. Kabla ya kengele ya gwaride, Weris na rafiki yake Qabale walifungua chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu, chumba ambacho shule yao ya mjini Wajir ilikiita maabara kwa sababu ya kabati moja na hadubini moja. Wote wawili walikuwa Gredi ya Nane. Qabale aliosha vioo na kuchora. Weris aliangalia na kuhesabu, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali na subira yake ilikuwa ndefu.

Walichokihesabu hakikuonekana kwa macho matupu. Mwalimu Komora, mwalimu wao wa sayansi, alikuwa amewafundisha kwamba kila seli ya mwili imefungwa ndani ya utando mwembamba uliotengenezwa kwa mafuta ya namna ya pekee. Kumenya utando huo kutoka kwenye seli ni kazi ya maabara kubwa. Lakini utando wa kuiga unaweza kutengenezwa hata Wajir. Alileta chupa ndogo ya lesithini, mafuta yanayopatikana katika kiini cha yai. Waliyapaka kwenye kipande cha kioo, wakayakausha, wakamimina juu yake mchanganyiko wa sukari uliokuwa katika chupa ya kahawia, kisha wakayaacha hadi asubuhi. Usiku mafuta hayo yalijikunja yenyewe yakawa vifuko vya mviringo, kila kimoja kimejifungia ndani yake tone dogo kabisa la mchanganyiko ule.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Walitonesha kemikali upande mmoja wa kioo, wakaivuta kwa karatasi laini upande wa pili, wakatazama umbo la vifuko likibadilika. Katika maji ya chumvi nyingi vilinywea, vingine vikawa kama punje za kunde, vingine kama shanga zilizotungwa. Katika spiriti vililegea na kutetemeka. Katika sabuni ya vyombo vilitoweka vyote kabla dakika mbili hazijaisha. Matokeo hayo yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Alhamisi wangeyapeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti.

Lilikuwa limebaki jaribio moja tu, la kulinganishia. Mwalimu Komora alikuwa amekwenda Garissa kwa mafunzo hadi siku ya maonyesho, akawaachia karatasi yenye hatua zote kwa mwandiko wake. Hatua ya saba ilisema: *Tonesha maji matamu peke yake. Subiri dakika tano. Vifuko havitabadilika.*

Havitabadilika. Weris alilisoma neno hilo mara mbili. Kama maji peke yake yanapasua vifuko kumi na saba, basi sabuni imefanya nini? Na wiki tatu walizokaa hapa zimethibitisha nini?

Qabale alikuwa nje akisuuza vioo. Aliuliza kutoka mlangoni ni vingapi vilivyobaki sawa.

"Kumi na vinane," alisema Weris.

Akaiandika namba hiyo katika daftari kwa kalamu ya Qabale. Jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka uliotangulia, wanafunzi wa Gredi ya Tisa wa shule hiyo walinakili mradi wa shule nyingine neno kwa neno, wakagunduliwa, na shule nzima ikaondolewa ukumbini mbele ya wageni. Mwaka huu ilikubaliwa tena kwa sababu moja: Mwalimu Komora aliandika barua na kuweka sahihi yake kuwa atawajibika. Waandalizi walijibu kwamba wakipata udanganyifu mara ya pili, shule hiyo haitaalikwa tena.

Jumanne asubuhi Weris alirudia jaribio akiwa peke yake, kwa sababu kanuni za maonyesho zilitaka kila jaribio lifanywe mara mbili. Alikuwa ameosha vioo mwenyewe usiku uliotangulia, akitumaini kwamba kosa lilikuwa uchafu. Vilipasuka vifuko kumi na sita. Safari hii aliandika kumi na tisa vilivyo sawa, maana kumi na nane mara mbili mfululizo ingetia shaka. Uongo wa kwanza ulikuwa wa hofu. Wa pili ulikuwa wa kupangwa, na Weris aliijua tofauti hiyo hata kabla wino haujakauka.

Jioni ile mkokoteni wa punda wa Yarow, muuza maji, ulisimama mbele ya nyumba yao. Kama nyumba nyingi za mtaa huo, walitumia maji ya aina mbili: ya kisima, yenye chumvi, kwa kufulia na kuoshea vyombo, na maji matamu yaliyoletwa na malori, kwa chai na kunywa. Mama yake, Maka, hakuwahi kununua maji matamu bila kuyaonja. Alichota kwa kiganja, akasukutua, akatema.

"Yarow, haya ni ya lori?"

"Wallahi, eddo," alisema Yarow, akimwita shangazi kwa heshima, "ni matamu. Yametoka kwenye lori leo leo."

"Basi lori lenu limepita kisimani kusalimia. Punda wako ana haya kuliko wewe. Rudisha."

Yarow alicheka kwa aibu, akashusha mtungi mwingine. Weris alibaki amesimama na ndoo mkononi. Labda tangi la shule lilikuwa limechanganywa vivyo hivyo. Labda kosa lilikuwa la muuza maji. Wazo hilo lilimpa nafuu iliyodumu hadi walipoketi kula, kisha akili yake mwenyewe ikalibomoa. Chumvi haikupasua vifuko, chumvi ilivinyweza. Vya Jumatatu vilivimba kwanza, ndipo vikapasuka. Hilo lilikuwa kinyume kabisa.

Mama yake aliitazama sahani ambayo haikuguswa, akauliza kulikoni. Weris alisema jino linamuuma. Huo sasa ulikuwa uongo wa tatu.

Jumatano, kabla ya gwaride, alikwenda kwenye tangi la shule, akaonja. Maji yalikuwa matamu, hayana doa.

Mchana alimkuta Qabale amelala kifudifudi sakafuni mwa maabara juu ya karatasi ya manila, ulimi umejitokeza pembeni mwa mdomo, akipaka rangi ya kijani nguzo mbili ndefu za chati. Juu ya moja aliandika 18, juu ya nyingine 19. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba nguzo hizo zilikuwa nzuri kuliko nguzo za msikiti mpya, na kwamba akishindwa sayansi atafungua duka la rangi.

"Qabale, acha kupaka."

"Nimemaliza. Nimebakiza pembe."

"Namba hizo si za kweli."

Qabale aliinuka taratibu, akakaa. Weris alimweleza yote: kumi na saba, kumi na sita, vioo alivyoviosha, tangi aliloonja. Alieleza kwa mpangilio, jambo baada ya jambo, kwa sababu alijua akisimama katikati hatamaliza. Qabale aliifunika kalamu ya kijani, akaifunua, akaifunika tena.

"Uliandika kwa kalamu yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa hapo mlangoni. Ungesema tu, 'Njoo uone.'"

Qabale aliuliza kama mwamuzi atataka jaribio la nguzo hizo lirudiwe. Weris alisema mwamuzi hufungua daftari mahali popote na kutaka kuona. Ndivyo kanuni zilivyoandikwa.

"Na asipochagua hapo?"

"Tukishinda, tutakwenda mashindano ya kanda Garissa na hizo nguzo zako mbili."

Qabale alijaribu kufuta pembe ya chati. Rangi ile haikufutika kwa ufutio, na dukani hapakuwa na manila nyingine ya ukubwa ule. Alisema watamwambia mwalimu kesho, mara atakapofika, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani peke yake, kwa njia ya mzunguko iliyopita nyuma ya ofisi ya chifu. Tangu darasa la kwanza walikuwa hawajawahi kutoka shuleni kila mmoja kivyake.

Alhamisi saa tatu asubuhi ukumbi wa maonyesho ulikuwa umejaa. Shule yao ilipewa meza ya tisa. Wasichana walipanga hadubini, vioo vitatu vilivyolazwa usiku, chupa ya kahawia, sabuni, chumvi, spiriti, na chupa ya maji kutoka tangi la shule. Qabale alizungumza na Weris kwa yale tu yaliyohitajika: leta kitambaa, sogeza taa.

Kwenye meza ya nane alisimama Abdihafid, mvulana wa shule nyingine, nyuma ya jiko la jua lililotengenezwa kwa mwavuli. Aliizunguka chati yao, akapiga mluzi mwembamba.

"Kumi na nane, kumi na tisa. Safi kama kanzu ya Idi. Mwaka huu mmenakili kwa nani?"

"Kwa mwavuli wako," alisema Qabale. "Nenda ukaufunge, mvua inakuja."

Watu wawili walicheka. Weris hakucheka. Kutoka pale aliposimama alimwona mwamuzi akitoka meza ya tano kwenda ya sita. Aliitwa Bi. Shurie, mwalimu wa kemia wa shule ya upili, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani juu ya mtandio wa kijivu, akiandika zaidi ya alivyosema. Katika meza ya tano alikuwa ametaka jaribio moja lirudiwe. Katika meza ya sita alitaka mawili.

Mwalimu Komora alifika saa nne kasorobo, moja kwa moja kutoka kituo cha basi, vumbi la barabara ya Garissa likiwa bado kwenye viatu vyake. Aliwasalimu, akaitazama chati, akatabasamu. Weris alianza kusema kabla tabasamu hilo halijatulia. Alisema namba alizoziandika na namba alizoziona, na kwamba Qabale hakujua lolote hadi jana.

Tabasamu liliondoka. Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwambia aeleze hatua ya saba ilivyofanyika, asiruke kitu.

"Nilichukua kioo kilicholala usiku. Nikachagua vifuko ishirini. Nikatonesha maji matamu, nikayavuta kwa karatasi. Nikangoja dakika tano."

"Maji matamu uliyatoa wapi?"

"Kwenye tangi, mwalimu."

"Tangi gani?"

"Tangi la shule. Ni matamu kweli, niliyaonja. Si ya kisima."

Mwalimu Komora alikuwa mtu wa kandokando ya mto Tana, ambako mtu hufungua mlango na kuona maji yakipita, na hana haja ya kuyagawa kwa majina. Aliitazama chupa ya maji ya tangi, kisha akaichukua ile ya kahawia iliyokuwa kando yake, akaiinua.

"Mimi nilikuwa nasema hii," alisema. "Maji matamu. Maji yenye sukari."

Qabale alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliziba mdomo kwa mkono. Katika mji mzima wa Wajir hapakuwa na mtoto ambaye angesikia maneno "maji matamu" akafikiria sukari.

Mwalimu alieleza kwa haraka, maana Bi. Shurie alikuwa ameshafika meza ya saba. Ndani ya kila kifuko mlikuwa na sukari. Nje wakaweka maji yasiyo na kitu. Maji hupenya utando kuelekea upande wenye sukari nyingi, kwa hiyo yaliingia, yakaingia, hadi kifuko kikavimba na kupasuka. Vifuko havikukosea. Vilifanya vile vinavyopaswa kufanya katika maji ya lori.

"Kosa la neno ni langu," alisema. "Kitu kimoja nilikiita kwa majina mawili, na sayansi haitaki hivyo. Lakini kumi na nane na kumi na tisa si kosa la neno. Hizo ni zako, Weris, na wa kuzisema ni wewe."

Aliongeza jambo moja zaidi. Sabuni pia walikuwa wameichanganya na maji ya tangi. Kwa hiyo mpaka sasa hakuna aliyejua kama vifuko vile viliuawa na sabuni au na maji. Mradi wote ulikuwa hewani.

Saa nne na nusu Bi. Shurie alisimama mbele ya meza ya tisa. Alisoma jina la shule, akakumbuka ya mwaka jana, ikaonekana usoni mwake kwamba amekumbuka. Alinyoosha mkono kuchukua daftari. Weris alilishika kidogo kabla ya kuliachia.

"Bi. Shurie, ukurasa wa kumi na nne una namba mbili za uongo. Niliziandika mimi."

Abdihafid, meza ya nane, aliacha kuchezea mwavuli wake. Bi. Shurie alifungua ukurasa wa kumi na nne, akausoma, akauliza ni nani aliyegundua. Weris alisema hakuna. Mwamuzi aliuliza namba za kweli ni zipi, na kwa nini zilikuwa hivyo. Weris alimweleza, pamoja na habari ya majina mawili ya chupa moja, na pamoja na ile ya sabuni, ambayo hakuulizwa.

Mwamuzi alimgeukia Mwalimu Komora, akauliza kama barua ya dhamana ilikuwa yake. Alijibu kuwa ndiyo. Bi. Shurie alitoa karatasi ya kanuni kwenye faili, akaisoma kimya kipengele kwa kipengele, kidole kikitembea chini ya mistari. Weris alikifuata kidole hicho. Kilisimama mahali, kikarudi nyuma, kikasimama tena.

"Namba ya uongo ikigunduliwa na mwamuzi, shule inaondolewa," alisema Bi. Shurie. "Mwanafunzi akiisema mwenyewe kabla ya kuulizwa, jaribio linarudiwa mbele ya mwamuzi, na kinachopatikana ndicho kinachohesabiwa. Mnavyo vioo?"

Walikuwa na vitatu. Qabale alichanganya sabuni upya, safari hii katika mchanganyiko wa sukari wa chupa ya kahawia. Alimsogezea Weris kioo cha kwanza na, bila kumtazama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hesabu sawasawa, abaayo." Tangu jana mchana hakuwa amemwita dada.

Weris alichagua vifuko ishirini. Bi. Shurie aliinama akavithibitisha. Tone la mchanganyiko wa sukari likawekwa, karatasi laini ikavuta. Mwamuzi alitazama saa yake. Dakika ya kwanza ilipita. Ya pili. Weris hakuruhusiwa kuangalia kabla ya muda kwisha, kwa hiyo aliangalia kona ya meza, palipokuwa na msumari uliochomoza. Kama vitapasuka tena, maelezo yote ya sukari yatakuwa bure, na barua ya mwalimu nayo. Dakika ya nne. Ukumbini mtu aliangusha kitu cha bati.

"Sasa," alisema Bi. Shurie, akainama yeye kwanza. Alihesabu kwa midomo bila sauti. "Kumi na tisa ni vya mviringo. Kimoja sikioni. Na wewe?"

Weris aliinama. Alihesabu mara mbili.

"Kumi na tisa."

Kioo cha pili kilitiwa sabuni yenye sukari. Dakika mbili zilipokwisha hapakuwa na hata kifuko kimoja. Kwenye kioo cha tatu walitonesha maji ya tangi. Vilivimba mbele ya macho ya mwamuzi, kimoja baada ya kingine, na kumi na vitano vikapasuka. Yeye mwenyewe aliziandika namba hizo tatu katika karatasi yake.

Alivua miwani. Alisema atawaondolea alama zote za usahihi wa kumbukumbu, na hilo halina mjadala. Kisha alimtazama Weris.

"Jumatatu vifuko vyako vilikuambia kwamba ndani kuna sukari na nje hakuna. Ilikuwa habari ya kweli, na ndiyo habari bora iliyo kwenye meza hii. Wewe ukaifuta kwa sababu karatasi ilisema vingine. Ungeiandika, ungekuwa na siku tatu za kuuliza kwa nini. Namba usiyoielewa huandikwa kama ilivyo, halafu huulizwa. Ukiibadilisha, huna tena wa kumuuliza."

Weris alisema amesikia. Alichukua kalamu, akazikata namba za Jumatatu na Jumanne kwa mstari mmoja mmoja, ili ziendelee kusomeka, akaandika kando yake: *3* na *4*. Chini yake Qabale aliandika tarehe na matokeo ya asubuhi ile.

Saa tano na dakika kumi na mbili Bi. Shurie aliweka sahihi chini ya ukurasa wa kumi na nne, akawarudishia daftari, akaenda meza ya kumi.